Mpira haukudakwa lakini mpigaji ametolewa. Mwingine amekosa straiki ya 3 lakini amefika besi. Mantiki iko wapi?

mtazamaji_mpya

Ndugu wapenzi wa besiboli, naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limenitatiza tangu nilipoanza kuufuatilia mchezo huu kwa makini. Kanuni za msingi nimeshazielewa. Najua kwamba mpigaji akipata straiki tatu, yaani akikosa kuupiga mpira mara tatu, anatolewa, kwamba mpira uliopigwa juu ukidakwa kabla ya kugusa ardhi mpigaji anatolewa, na kwamba mkimbiaji anatolewa akiguswa kwa mpira akiwa nje ya besi, au mpira ukimtangulia kufika kwenye besi ambayo hana budi kuiendea kwa sababu mwenzake anakuja nyuma yake. Kwa kutumia kanuni hizo tu niliweza kutazama mechi nyingi bila kupotea.

Kilichonichanganya ni matukio mawili ambayo, kwa nionavyo mimi, yanapingana. Katika tukio la kwanza palikuwa na wakimbiaji kwenye besi ya kwanza na ya pili, na mtu mmoja alikuwa ameshatolewa. Mpigaji aliupiga mpira ukapaa juu sana karibu na besi ya pili, mwamuzi akanyoosha mkono na kupaza sauti mpira ukiwa bado hewani, kisha mlinzi akaukosa na ukaanguka chini mbele ya watu wote. Pamoja na hayo, mpigaji akahesabiwa kuwa ametolewa. Katika tukio la pili mpigaji alizungusha kigongo, akaukosa mpira, ikawa straiki ya tatu, lakini mpira ukamponyoka mdakaji na kubingirika nyuma yake. Mpigaji akatimua mbio hadi besi ya kwanza, na mwamuzi akamwacha abaki pale kana kwamba hakukosa chochote.

Kwa hiyo yule ambaye mpira wake haukudakwa ametolewa, na yule aliyeshindwa kabisa kuupiga amesalimika. Nimesoma maelezo mafupi ya kanuni hizi mbili, lakini yote yanaorodhesha masharti bila kusema masharti hayo yalitoka wapi. Je, kuna sababu inayoyafanya yaeleweke, au ni mambo ya kukariri tu?

mwamuzi_wa_vijana

Ndugu mtazamaji, karibu sana. Umefanya vizuri kuyaweka pamoja matukio haya mawili, kwa sababu watu wengi hufundishwa kila moja peke yake, ilhali chanzo chake ni kimoja. Tishio lililo nyuma ya kanuni zote mbili ni mlinzi anayeangusha mpira kwa makusudi ili apate faida kubwa kuliko ambayo angeipata kwa kuudaka. Nitaanza na tukio lako la kwanza, ambalo linaongozwa na kanuni ya mpira wa juu wa uwanja wa ndani, yaani eneo linalozunguka besi, kisha nitamwachia mwingine aeleze historia ya straiki ya tatu.

Chukulia kwamba kanuni hiyo haipo. Kuna mkimbiaji besi ya kwanza na mwingine besi ya pili, na mpira unapanda juu taratibu karibu na mlinzi ambaye hata mtoto angetarajia audake. Mkimbiaji wa besi ya pili afanye nini? Akibaki kwenye besi yake akisubiri mpira udakwe, mlinzi anaweza kuuacha uanguke miguuni pake, akauokota, akautupa besi ya tatu, na kutoka hapo ukatupwa besi ya pili, na watu wawili wakatolewa kwa mpira mmoja, kwa sababu mpira ambao haukudakwa unawalazimisha wakimbiaji wote wasogee mbele. Akiamua kukimbia, mlinzi anaudaka, anautupa kwenye besi iliyoachwa wazi, na vile vile watu wawili wanatolewa. Hakuna chaguo ambalo mkimbiaji angelifanya likawa sahihi, na mlinzi angezawadiwa kwa kucheza vibaya kwa hiari yake. Ndiyo maana mwishoni mwa karne ya 19 iliwekwa kanuni kwamba katika hali hiyo mwamuzi amtoe mpigaji papo hapo, mpira udakwe au usidakwe. Mpigaji akishatolewa, wakimbiaji hawalazimiki tena kwenda popote, na hila yote inakosa nguvu.

Sasa yatazame masharti ukiwa na jambo hilo akilini. Lazima watu waliotolewa wawe pungufu ya wawili, kwa kuwa kama wawili wameshatolewa, mlinzi anahitaji mmoja tu ili kumaliza zamu ya timu inayopiga, na hana haja ya hila. Lazima kuwe na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu. Lazima mpira uwe ndani ya mistari. Lazima uwe mpira wa juu ambao mchezaji wa uwanja wa ndani anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukaenda moja kwa moja kama mshale hauhusiki, wala ule ambao mpigaji aliugusa polepole kwa kigongo bila kukizungusha.

Watu huuliza kwa nini mkimbiaji aliye peke yake besi ya kwanza halindwi na kanuni hii. Sababu ni kwamba hapo mpigaji mwenyewe anayo kinga, nayo ni miguu yake. Mpira wa juu unakaa hewani muda wa kutosha mtu kukimbia hadi besi ya kwanza, kwa hiyo mlinzi akiuacha uanguke atamtoa mkimbiaji mmoja tu kwenye besi ya pili, na mpigaji atakuwa amechukua nafasi yake. Mpigaji aliyesimama akitazama badala ya kukimbia hana wa kumlaumu. Hata hivyo pengo moja limezibwa hapo pia: kama kuna mkimbiaji besi ya kwanza, watu waliotolewa ni pungufu ya wawili, na mlinzi wa ndani akaugusa mpira wa juu au ule wa moja kwa moja kwa mkono au glavu kisha akauangusha makusudi, mpigaji anatolewa, mchezo unasimama, na wakimbiaji wanarudi walipokuwa. Lakini akiuacha uanguke bila kuugusa kabisa, kanuni hiyo ya pili haitumiki. Angalia jinsi walioitunga walivyopima kila hali kwa kadiri ya madhara ambayo hila ingeweza kuleta.

Mimi huamua mechi za vijana, kwa hiyo niseme kidogo jinsi jambo hili linavyoonekana ukiwa uwanjani. Kabla ya mpira kurushwa, waamuzi hupeana ishara ya kimya kukumbushana kwamba hali ya kanuni hii imetimia. Mpira unapopigwa juu, sikimbilii kutamka neno. Naupa mpira muda ufike kileleni, na macho yangu yanakwenda kwa mlinzi. Nikiona miguu yake imetulia, uso ameuelekeza uwanjani na glavu ameiinua mbele ya paji la uso, najua kwamba mpira huo ni wake. Nikimwona bado anakimbia ameupa uwanja mgongo na anageuza shingo kuutafuta mpira, nanyamaza. Baada ya hapo ndipo ninaponyoosha kidole juu na kutangaza kwa sauti ambayo mkimbiaji wa mbali kabisa ataisikia, maana tangazo hilo ni kwa ajili yake. Mpira ukiwa karibu na mstari wa pembeni, tunatangaza kwamba mpigaji ametolewa endapo mpira utaangukia ndani.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalowagharimu wachezaji wengi: baada ya tangazo, mchezo hausimami. Mpira bado uko hai. Wakimbiaji wanaruhusiwa kusogea mbele kwa hatari yao wenyewe, lakini hakuna anayewalazimisha. Mlinzi aliyeokota mpira na kukanyaga besi ya tatu hajamtoa mtu yeyote. Inambidi amguse mkimbiaji mwenyewe. Nimewaona vijana wengi wakiona mpira umeanguka, wakashtuka na kuanza kukimbia wakati kanuni imeshawapa ruhusa ya kusimama salama pale walipo.

historia_ya_besi

Namshukuru mwamuzi kwa maelezo hayo, nami nichukue sehemu ya straiki ya tatu.

Straiki ya tatu isiyodakwa haikuanza kama ubaguzi. Katika kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York za mwaka 1845, mpigaji aliyekosa mara tatu alitolewa ikiwa mpira wa mwisho ulidakwa, na usipodakwa ulihesabiwa kama mpira uliopigwa vizuri, naye alipaswa kukimbia. Kwa maneno mengine, kosa la tatu liliuanzisha mchezo kama vile pigo linavyouanzisha, na kazi ya kumtoa mpigaji iliangukia mikono ya walinzi. Tunachokiona leo ni mabaki hai ya fikra hiyo. Mdakaji hajamaliza kazi yake mpaka aushike mpira kabla haujagusa ardhi; asipoushika, inabidi amguse mpigaji kwa mpira au autupe besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika.

Hapo ndipo hila ile ile aliyoieleza mwamuzi inapojitokeza. Ikiwa mpigaji anaruhusiwa kukimbia wakati besi ya kwanza ina mtu, basi mkimbiaji aliye pale analazimika kwenda besi ya pili, na kama besi zote zimejaa, wote wanalazimika kusogea. Mdakaji mwerevu angeangusha straiki ya tatu makusudi, akakanyaga bamba la nyumbani (pale anapopigia mpigaji na anaporudi mkimbiaji ili kupata bao), akautupa mpira besi ya kwanza, na kuwatoa wawili au hata watatu. Ndiyo sababu leo mpigaji anaruhusiwa kukimbia ikiwa besi ya kwanza haina mtu, au ikiwa watu wawili wameshatolewa. Katika hali ya kwanza hakuna mkimbiaji wa kunaswa; katika hali ya pili walinzi wanahitaji mmoja tu, kwa hiyo kuangusha mpira hakuwapi faida yoyote. Linganisha na masharti ya mpira wa juu wa uwanja wa ndani, nawe utaona kwamba hesabu ni ile ile.

Matokeo ya kanuni hii ni kwamba mrushaji anaweza kuandikiwa straikiauti nne (yaani wapigaji wanne waliopata straiki tatu) katika kipindi kimoja, kwa kuwa aliyefika besi baada ya straiki ya tatu bado anahesabiwa kwenye kumbukumbu za mrushaji, ingawa hakutolewa.

Tukio maarufu zaidi la siku za karibuni lilitokea tarehe 12 Oktoba 2005 mjini Chicago, katika mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Amerika kati ya White Sox na Angels. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1, nusu ya pili ya kipindi cha 9, ambacho kwa kawaida ndicho cha mwisho, watu wawili wameshatolewa na besi hazina mtu. A.J. Pierzynski alizungusha kigongo kwa mpira wa chini sana akaukosa. Mdakaji wa Angels, Josh Paul, aliamini kwamba ameudaka vizuri, akaubingirisha mpira kuelekea katikati ya uwanja na kuanza kuondoka. Mwamuzi Doug Eddings alikuwa ametoa ishara ya mkono ambayo wengi waliielewa kuwa ya kumtoa mpigaji, lakini hakuwa ametamka kwamba ametolewa. Pierzynski alipiga hatua chache akielekea kwenye benchi la timu yake, akageuka ghafla, akakimbia hadi besi ya kwanza. Eddings aliamua kwamba mpira uligusa ardhi kabla ya kuingia kwenye glavu, hivyo mpigaji akawa salama. Pablo Ozuna aliingia kukimbia badala yake, akaiba besi ya pili (yaani akaikimbilia bila mpira kupigwa), na pigo la Joe Crede likamrudisha nyumbani. White Sox walishinda 2 kwa 1, wakashinda mfululizo huo, na mwaka huo huo wakawa mabingwa.

Kwa maoni yangu, mjadala wa kama mpira uligusa ardhi umefunika funzo lenye manufaa zaidi kwa mdakaji yeyote. Paul alikuwa amekaa karibu sana na mpigaji, na angeweza kumgusa kwa glavu yenye mpira kabla hajaondoka. Wadakaji wengi hufanya hivyo kila mara straiki ya tatu inapokuwa chini, hata wakiwa na hakika kwamba wameudaka, kwa sababu kitendo hicho kinamwondolea mwamuzi uamuzi mgumu. Mpigaji naye ana mpaka wake: akitoka nje ya duara la udongo linalozunguka bamba la nyumbani bila kuelekea besi ya kwanza, anahesabiwa kuwa amekata tamaa na anatolewa. Pierzynski aligeuka kabla ya kufika huko.

safu_ya_tisa

Maelezo ni mazuri, lakini nadhani mwamuzi ameupitia kwa haraka mno ule msemo wa juhudi za kawaida. Hapo ndipo penye ugomvi wote. Kanuni inaeleweka hadi siku ambayo mpira unaangukia mbali kwenye nyasi za nyuma.

Tarehe 5 Oktoba 2012, Atlanta Braves walicheza na St. Louis Cardinals mechi moja ya kufa na kupona. Katika nusu ya pili ya kipindi cha 8 Braves walikuwa nyuma kwa 6 kwa 3, wakiwa na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, na mtu mmoja ametolewa. Andrelton Simmons alipiga mpira wa juu kuelekea upande wa kushoto. Pete Kozma, mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, alirudi nyuma sana kuufuata, akaonekana kama yuko tayari kuudaka, kisha akasogea pembeni kwa kudhani kwamba Matt Holliday, mlinzi wa nyuma, ndiye anayeuchukua. Mpira ukaanguka katikati yao. Mashabiki wa Atlanta walishangilia wakiamini besi zimejaa, kumbe Sam Holbrook, mwamuzi wa mstari wa kushoto, alikuwa ameshainua mkono muda mfupi kabla ya mpira kugusa ardhi. Chupa na takataka zikarushwa uwanjani, na mechi ikasimama kwa dakika 19. Braves walilalamika rasmi, Joe Torre, aliyewakilisha uongozi wa ligi, akalikataa lalamiko hilo palepale, na Cardinals wakashinda kwa matokeo hayo hayo.

Nakubali kwamba maandishi ya kanuni yanasema mpaka wa nyasi si kigezo. Lakini ikiwa lengo ni kumkinga mkimbiaji dhidi ya hila, hila ilikuwa wapi? Kwa umbali ule, hakuna mlinzi ambaye angeuacha mpira uanguke kwa makusudi akitegemea kuwatoa wawili. Zaidi ya hayo, tangazo lililotolewa mpira ukiwa karibu kuanguka halimsaidii mkimbiaji yeyote. Kanuni iliyotungwa kuilinda timu inayopiga ilitumika kuiumiza, na hilo siwezi kuliona kuwa haki.

mwamuzi_wa_vijana

Ndugu, hoja yako kuhusu kuchelewa kwa tangazo naikubali bila kusita. Tangazo la mapema ndilo linalotakiwa, na pale lilichelewa kuliko inavyopendeza.

Kuhusu umbali, hata hivyo, sikubaliani nawe. Kanuni haimwagizi mwamuzi asome nia ya mlinzi, na haikuacha hivyo kwa bahati mbaya. Ikiwa ningetakiwa kuamua kila mara kama mlinzi ameukosa mpira kwa hila au kwa kuteleza, basi kila mlinzi angejifunza kuteleza kwa ustadi. Kwa hiyo swali pekee ni kama mchezaji wa ndani alikuwa na uwezo wa kuudaka bila kujitutumua. Kozma alikuwa amefika mahali pa mpira, amegeuka, na ameinua mkono. Alichofanya baadaye, yaani kusogea, kilitokana na kutoelewana na mwenzake, nako hakubadilishi ukweli kwamba mpira ulikuwa ndani ya uwezo wake. Unaweza kutaka kanuni ibadilishwe ili iwe na mpaka wa umbali, na hiyo ni hoja halali kabisa. Lakini kwa kanuni kama ilivyoandikwa, Holbrook alikuwa na msingi.

mtazamaji_mpya

Nawashukuru nyote. Sasa masharti yanaeleweka, na sihitaji tena kuyakariri. Nina maswali mawili ya ziada. La kwanza, mwaka 2024 kulikuwa na mechi ya White Sox na Orioles iliyomalizika kwa kanuni hii ya mpira wa juu, ambapo watu wawili walitolewa kwa pamoja ingawa mwamuzi alikuwa ameshatangaza. Kama kanuni ipo ili kuzuia watu wawili wasitolewe kwa urahisi, iliwezekanaje? La pili, timu inapoamini kwamba mwamuzi amekosea, kuna njia yoyote ya kubadilisha uamuzi huo baada ya mechi?

mwamuzi_wa_vijana

Nijibu la kwanza. Mechi unayoisema ilichezwa Chicago tarehe 23 Mei 2024. Mtu mmoja alikuwa ametolewa, wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya pili, na Andrew Benintendi alipiga mpira wa juu ulioelekea kwa Gunnar Henderson, mlinzi wa Orioles. Tangazo lilitolewa, hivyo Benintendi akahesabiwa ametolewa. Wakati huo huo Andrew Vaughn, mkimbiaji wa besi ya pili, alikuwa anarudi kwenye besi yake na akapita kwenye njia ya Henderson aliyekuwa anausogelea mpira. Henderson aliudaka bila shida, lakini mwamuzi wa besi ya tatu, Junior Valentine, aliamua kwamba Vaughn amemwingilia mlinzi, naye akatolewa. Watu watatu wakatimia, na Orioles wakashinda 8 kwa 6.

Hapa kanuni mbili tofauti zimekutana kwenye mpira mmoja. Ya kwanza ilimtoa mpigaji. Ya pili inasema kwamba mlinzi anayeucheza mpira uliopigwa ana haki ya njia, na mkimbiaji ndiye anayepaswa kumpisha, hata kama hakukusudia kumzuia. Kuna kinga moja ambayo kila mkimbiaji anapaswa kuifahamu: akiwa ameikanyaga besi yake kihalali, hatolewi kwa kumwingilia mlinzi isipokuwa mwamuzi aone amefanya makusudi. Yaani kwa mpira wa namna ile, mahali salama kabisa ni juu ya besi. Vaughn alikuwa amesogea nje kidogo kama wakimbiaji wote wafanyavyo, na njia yake ya kurudi ikakutana na ya mlinzi. Wengi waliona mwamuzi angeweza kuliacha lipite kwa kuwa mpira ulidakwa bila taabu, nami naelewa kwa nini walisikitika. Mechi ilikuwa bado inaweza kugeuka.

Kumbuka pia upande wa pili wa kanuni hiyo, kwa sababu haki ya njia hubadilisha mikono mara tu mlinzi anapokuwa hana mpira wala hauchezi. Katika mechi ya tatu ya fainali kuu ya mwaka 2013, tarehe 26 Oktoba mjini St. Louis, matokeo yalikuwa 4 kwa 4 katika nusu ya pili ya kipindi cha 9. Mdakaji wa Boston, Jarrod Saltalamacchia, alitupa mpira besi ya tatu ili kumtoa Allen Craig, lakini mpira ukapita na kwenda nyuma. Will Middlebrooks, aliyejirusha kuudaka, akabaki amelala kifudifudi. Craig aliinuka kukimbia nyumbani, akajikwaa juu ya mwili wake na kuanguka. Mpira ulirudishwa na kufika nyumbani kabla yake, lakini Jim Joyce kwenye besi ya tatu alikuwa ameshaonyesha ishara kwamba mkimbiaji amezuiwa, na Dana DeMuth nyumbani akampa bao. Cardinals wakashinda 5 kwa 4. Middlebrooks hakuwa na nia mbaya, wala hakuwa na mahali pa kwenda kwa haraka. Kanuni haiulizi hayo. Maelezo yake yanataja waziwazi mlinzi aliyejirusha, akaukosa mpira, akabaki chini na kumchelewesha mkimbiaji. Timu ya Boston ilichukua ubingwa wa mwaka huo hata hivyo.

historia_ya_besi

Kuhusu swali la pili, desturi ya mchezo imetenganisha tangu zamani mambo mawili: mwamuzi kuona jambo isivyo sahihi, na mwamuzi kuitumia kanuni isivyo sahihi. Alichokiona mwamuzi hakikuwa na rufaa. Mfano unaouma zaidi ni wa tarehe 2 Juni 2010, ambapo Armando Galarraga wa Detroit alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi. Wa 27, ambaye angekuwa wa mwisho, Jason Donald wa Cleveland, alitolewa dhahiri kwenye besi ya kwanza, lakini Jim Joyce, yule yule wa mwaka 2013, akamwita salama. Joyce alikiri kosa lake usiku huo huo kwa uchungu mkubwa, na bado uamuzi haukubadilishwa. Marudio ya video, ambayo tangu 2008 yalikuwa kwa ajili ya homurani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kupata bao), yalipanuliwa mwaka 2014 hadi kwenye maamuzi kama lile la besi ya kwanza. Hata sasa, swali la kama mpira wa juu ungedakwa kwa juhudi za kawaida haliendi kwenye video. Linabaki kwa mwamuzi aliye uwanjani.

Pale kanuni yenyewe ilipodaiwa kutumiwa vibaya, lalamiko rasmi liliweza kufaulu, ingawa ilikuwa nadra. Tarehe 24 Julai 1983, katika uwanja wa Yankees, George Brett wa Kansas City alipiga homurani ya mabao mawili watu wawili wakiwa wametolewa katika nusu ya kwanza ya kipindi cha 9, na timu yake ikaongoza 5 kwa 4. Kocha wa Yankees, Billy Martin, alidai kwamba utomvu wa msonobari, ambao wapigaji hupaka kwenye mpini ili mikono isiteleze, ulikuwa umepanda juu ya kigongo cha Brett kupita kipimo cha inchi 18. Mwamuzi Tim McClelland alikilaza kigongo kando ya bamba la nyumbani, ambalo upana wake ni inchi 17, akaona utomvu umezidi, akamtoa Brett. Mechi ikahesabiwa imekwisha, na Brett akatoka mbio kwenye benchi kwa hasira ambayo picha zake zinaonyeshwa hadi leo.

Rais wa Ligi ya Amerika, Lee MacPhail, alilikubali lalamiko la Kansas City. Aliona kwamba kipimo kile hakikuwekwa kwa sababu utomvu huupeleka mpira mbali zaidi, na kwamba kumfuta mtu homurani yake hakuendani na kusudi la kanuni. Utomvu huchafua mipira, na kigongo kilichozidisha kilipaswa kuondolewa mchezoni. Mechi iliendelezwa tarehe 18 Agosti kuanzia pale ilipoishia, baada ya homurani. Yankees walijaribu mara moja njia nyingine: kabla ya mpira wa kwanza kurushwa kwa mpigaji, walidai kwamba Brett na mkimbiaji aliyekuwa mbele yake hawakukanyaga besi zote siku ile ya Julai, wakijua kwamba waamuzi waliokuwapo Agosti hawakuwa wale wa mechi ya kwanza. Mwamuzi Dave Phillips akatoa mfukoni hati ya kiapo iliyotiwa saini na waamuzi wa awali, ikithibitisha kwamba besi zote zilikanyagwa. Kansas City wakashinda 5 kwa 4.